Visu Vitatu vya Bwana Shamba

Mkono wa kushoto wa Bwana Shamba haukuwa na nywele. Wa kulia ulikuwa nazo kama wa mwanamume yeyote, lakini wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kwenye saa, ulikuwa mtupu, kwa sababu huko ndiko alikojaribia makali. Alinoa kisu kwenye kinoo, akamalizia kwenye mkanda wa suruali, kisha akakipitisha juu ya ngozi. Nywele zikianguka, kazi inaanza. Zisipoanguka alirudi kwenye kinoo, na wewe mwenye shamba ungoje, hata kama jua limeshafika utosini.

Aliwahi kuwa bwana shamba wa kuajiriwa, akizunguka kwa baiskeli kuanzia Kinjumbi hadi kwetu Tingi, na alipostaafu cheo kikabaki kuwa jina. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa michongoma, nimemjua tangu navaa sare za shule, na sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina alilopewa na mama yake. Hata imamu alimwita Bwana Shamba. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, wapo watakaowaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nilivijua visu vyake, na kimojawapo kilipotea kwa ajili yangu.

Vilikuwa vitatu, vyote vya kukunja. Cha kwanza kilikuwa cha kulia: alimenyea machungwa, akakatia muwa, na siku ya Idi akachambulia nyama huku akiwasema wanaotumia meno. Cha pili kilikuwa cha kazi chafu, kamba na viroba na mipira ya baiskeli, na hicho ukimwomba alikupa. Cha tatu kilikuwa cha kubebeshea. Bapa lake lilikuwa limeliwa na kinoo hata likabaki jembamba, na mpini wake wa mpingo alichongewa na Mmakonde mmoja wa Rutamba ambaye Bwana Shamba alimbebeshea michungwa. Hicho hakikuazimwa. Mke wake, Mungu amrehemu, aliwahi kukichukua akatumbulia samaki, na mtaa mzima ulijua siku ile Bwana Shamba alilala bila kula, si kwa kunyimwa, kwa kususa.

Watu walimtania. "Mchagua jembe si mkulima, Bwana Shamba."

"Aliyesema hivyo alikuwa mvivu," alijibu. "Jembe linakata udongo, udongo hauna uchungu. Mimi nakata kitu kinachotaka kuishi."

Kwa wasiojua kubebesha, ni hivi. Unakuwa na mlimau, mti mgumu usioogopa ukame wala maradhi, lakini matunda yake ni makali. Unachukua kikonyo, kijitawi cha mchungwa mtamu, unachonga jicho lake moja, lile chipukizi dogo, pamoja na kipande chembamba cha ganda. Unachanja ganda la mlimau, unalichomeka jicho ndani, unafunga kwa utepe wa nailoni. Jicho likishika, mlimau unakatwa juu yake, na kinachoota kuanzia hapo ni mchungwa. Kisu kikiwa butu jicho linachubuka. Likichubuka linakauka. Hakuna kubahatisha hapo, na ndiyo maana alikuwa na adabu ya kupita kiasi kwa kile kisu.

Adabu yenyewe ilikuwa na masharti. Hakupokea kisu mkononi mwa mtu wala hakumpa mtu kisu mkononi. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota. Wazee wengi wa kwetu walishika hivyo, kwamba kisu kikipita mkono kwa mkono kinakata mapenzi baina ya wawili. Vijana walicheka, yeye hakujali. Nilipokuwa mdogo nilimkabidhi kisu cha kulia kwa mkono, naye akaweka mikono nyuma kama mtoto anayekataa dawa. "Weka chini, mwanangu. Hatujagombana sisi."

Na ajabu ni kwamba mtu huyu aliyekata kutwa nzima aliogopa sindano. Zahanati walikuwa wanamshika wawili.

Aligawa wanadamu mafungu mawili, watu wa kisu na watu wa panga. Mtu wa panga ndiye anayefika, anafyeka, anaondoka, na matawi anayaacha yamelala njiani. Mimi alinihukumu mapema sana. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimetumwa kwake kurudisha kinu, nikakiweka mlangoni nikakimbia kabla hajaitika salamu. Akaniita nirudi. Akaniangalia kwa huruma, kama daktari. "Wewe ni mtu wa panga," akasema. "Si kosa lako. Lakini ujue."

Nimeishi na maneno hayo. Nikakua, nikaingia biashara ya vitenge, nachukua Dar es Salaam napeleka Mwanza, mwanzoni kwa basi na baadaye kwa ndege, kwa sababu ndege ina haraka na mimi nina haraka. Kila nikirudi Tingi nilimkuta alipo, anafunga nailoni zake kwa vidole viwili, na kila mara aliniuliza, "Bado unakimbia?" Nikacheka. Ilikuwa kweli.

Kwa miti alikuwa na subira isiyo na mwisho, kwa watu hakuwa nayo hata kidogo. Ndugu wawili wa mtaa wa chini walirithi mchungwa mmoja uliokuwa mtamu kuliko yote Tingi, wakagombana hadi wakasahau kusalimiana. Mjumbe akashindwa. Bwana Shamba akaenda bila kuitwa, akakata vikonyo kwenye ule mchungwa, akambebeshea kila mmoja wao miche mitano uani kwake. Kisha akauangalia mti wenyewe na kuwaambia, "Huu nauhukumu uwe wa mama yenu mpaka afe. Hiyo yenu itazaa mwaka wa tatu. Sasa gombaneni na miaka mitatu." Hakungoja asante. Mpaka leo machungwa ya nyumba zile mbili ni ya utamu mmoja.

Lakini uani kwake mwenyewe hakukuwa na mchungwa. Nasema kweli. Palikuwa na mlimau wa kujiotea, mkubwa, wenye miiba, ambao hakuubebesha kamwe. Kila mwaka alisema mwakani. Alikuwa na binti mmoja tu, mdogo wangu kwa miaka michache, na huyo binti alikua akilamba malimau huku baba yake akigawa machungwa wilaya nzima. Siku ya kuolewa, akiwa ndani na mashosti wake na mimi nikiwepo, baba akaingia kumpa mkono wa heri. Binti akamwambia mbele yetu, "Baba, umebebesha kila mtu. Mimi hujanipa hata kijiti." Tukacheka, tukadhani ni utani wa bibi harusi. Bwana Shamba hakucheka. Alitoka, na sherehe nzima sikumwona tena. Binti akaenda Mwanza na mume wake. Simu zao zikawa za Idi kwa Idi, na kila mmoja aliniambia mimi kwamba mwenzake ndiye aliyenuna.

Jambo moja aliloliheshimu kuliko hata visu ni kusindikiza. Kwetu mgeni husindikizwa, hilo si geni, lakini yeye alikuwa na kipimo chake. Alikwenda na mgeni hadi barabarani, akamtafutia kiti, akashuka, akasimama mpaka gari liondoke na vumbi litulie. Mpaka litulie lote. Kabla ya hapo hakugeuka. "Mtu akiwa safarini anaweza kukumbuka kitu," alisema. "Akigeuka akutane na mgongo wako?" Barabara ilipowekwa lami nilimtania kwamba sasa hakuna vumbi, atajuaje wakati wa kurudi nyumbani. Akafikiri kabisa, kama swali la mtihani. "Nitangoja mpaka gari lipotee machoni," akasema.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizunguka.

Binti alijifungua mtoto wa kwanza baada ya kungoja miaka mingi. Akapiga simu mwenyewe, si Idi. Katika maneno yake akataja kwamba uani kwake Mwanza kumeota mlimau. Alitaja tu hivyo, au labda alijua anachosema. Bwana Shamba alikuja kwangu asubuhi yake, nilikuwa nimekuja Tingi kumwona mama, akakaa kwenye kiti cha ukindu na kukataa chai.

"Nataka kupanda ndege," akasema.

"Ndege, Bwana Shamba? Basi linafika."

"Basi na joto lake na kulala njiani, vikonyo vitafika vimechoka. Nataka vifike vinapumua. Mjukuu wangu atakuta mchungwa uani kwa mama yake, na mama yake ataona. Wewe unazijua ndege. Nipangie."

Nilimpangia. Ni jambo ninalolijua, na nilijisikia mtu mkubwa. Akatandaza mkeka, akaviweka visu vyote vitatu juu yake, akaniuliza kipi kinaruhusiwa. Nikamweleza: kisu hakiingii na abiria, hata cha kukunja, hata kidogo namna gani, kinakwenda kwenye begi linalowekwa tumboni mwa ndege, na unakikuta unakoshuka. Alisikiliza kwa makini. Kisha akaanza kuchagua. Akakishika cha kulia, akakirudisha. Akakishika cha kazi chafu, akakitia begini akakitoa. "Nikichukua vitatu nitaonekana mtu wa vita," akasema. Mwisho akachukua kimoja, cha mpini wa mpingo. Siku ya safari tukakata vikonyo kwenye mchungwa wa wale ndugu wawili, akavifunga kwa kitambaa kibichi, akavizungushia ganda la mgomba, na kisu akakilaza katikati yake. "Vijuane," akasema.

Begi lilikuwa moja, dogo. Mashati mawili, kanzu, na lile furushi.

Tukasafiri pamoja hadi Dar. Uwanjani, kwenye foleni ya kukabidhi mizigo, akaona mabegi yanavyotupwa kwenye mkanda unaotembea. Akalikumbatia lake. "Haya yanakwenda wapi? Yakichelewa?" Nikamwambia kweli, kwamba mara nyingine begi huchelewa siku moja au mbili. Uso wake ukabadilika. "Siku mbili kwenye joto, vimekufa," akasema.

Wakati ule simu yangu ilikuwa inalia, mteja yuko Kariakoo na mzigo wake uko mbioni kuuzwa kwa mwingine. Nikalitazama lile begi, nikamwambia, "Mbona dogo hili. Panda nalo mkononi, halikatazwi." Niliwaza vikonyo. Kisu sikukiwaza, wakati ni mimi niliyemwambia kwa mdomo wangu kisu kikae wapi. Naye hakubisha, kwa kuwa mimi ndiye niliyezijua ndege.

Nilimfikisha mlango wanaoingia abiria peke yao. Nikamwahidi nitasimama hapo nje mpaka ndege iruke. Akafurahi. "Eeh, nisindikize vizuri," akasema. Alipopotea ndani, simu ikalia tena. Nilijisemea ameshaingia, ameshafika, nasimama kumwangalia nani? Nikaondoka.

Jioni akapiga simu. Amefika salama, mtoto ni mzuri, alhamdulillahi, ndege ni kitu cha ajabu, mawingu yako chini. Sauti ilikuwa ya kawaida. Sikuuliza kitu.

Zaidi ya mwaka ulipita kabla sijafika kwa binti yake, ingawa Mwanza nilikuwa naenda kila mwezi. Haraka. Nilipofika nilikwenda moja kwa moja uani kuuona mchungwa. Nikaukuta mlimau. Kwenye shina palikuwa na makovu kama saba, yamepangwa vizuri kwa mstari, yote yamefunga bila kitu.

"Hayakushika," binti akasema. "Maskini baba alihangaika. Alikuja na vikonyo, kisu akakisahau Tingi. Akatumia cha jikoni, akakinoa kwenye sakafu, akatumia wembe, wapi. Mkono wake ulizoea kisu chake tu. Macho yalikauka moja moja, na yeye yupo, anayaangalia kila asubuhi."

"Amesema alikisahau?"

"Ndivyo alivyosema. Nami nikamjibu vibaya, dada. Nilimwambia, baba, kwa watu hujawahi kusahau kisu." Akaanza kulia. "Akakatisha safari, akarudi na basi."

Mimi nilikiona kikiwekwa begini, kwa hiyo niliporudi Dar nilikwenda uwanjani kukiulizia. Dada wa pale alinisikiliza kwa adabu, akanieleza kwamba vitu vinavyozuiliwa havikai muda wote huo. Nikanunua kisu kipya, cha kubebeshea hasa, kutoka duka la pembejeo, ghali na kizuri. Wiki hiyohiyo nikashuka Tingi.

Nilimkuta uani amekaa kivulini kwa ule mlimau wake wa miiba. "Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, mwanangu. Bado unakimbia?"

Sikuweza kucheka. Nikakiweka kisu chini mbele yake, kama alivyonifundisha. Akakitazama muda mrefu kabla ya kukiokota. Akakikunjua. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, na nikaona mkono unatetemeka. Kisha nikaona jambo jingine. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeota nywele. Nyeupe, ndefu, kuanzia kiwiko hadi kwenye saa.

"Nimetoka kwa binti yako," nikasema. "Kwa nini ulimwambia umekisahau?"

Akakikunja kisu taratibu.

"Ningemwambia nini? Kwamba aliyenisindikiza hakunisindikiza? Ungeonekanaje kwake?"

Nikamwomba anieleze. Hakutaka. Nikamsihi, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema.

"Yule askari alikuwa kijana mwema. Alikiona kisu kwenye ile mashine yao, akanitoa pembeni, hakunikaripia. Akaniambia, mzee, hiki hakipandi, na begi lako sasa haliwezi kurudi kule, wameshafunga. Una mtu aliyekusindikiza? Nikamwambia ninaye, yuko nje, ameniahidi. Akasema, basi twende mlangoni umpe. Tukaenda. Nikachungulia. Nikamwambia, ngoja kidogo, atakuwa amekwenda kununua maji. Tukangoja. Nikamwambia, labda yuko msalani. Kijana akaniangalia, akaangalia saa. Akaniambia, baba, ndege inafunga mlango. Nikaona nimechelewesha watu. Nikakiweka kwenye sanduku lao. Mkononi nilikataa kumpa. Nilikiweka mwenyewe."

Asiyekuwapo na lake halipo. Nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote ikisemwa juu ya watu wengine. Nikaomba msamaha, nikalia kama mtoto, naye akawa ananiambia yamekwisha, yamekwisha, kwa ile sauti aliyotumia kwa miche. Nikamwambia twende Mwanza mimi na yeye, msimu huu, nitalisimamia kila begi. Akanyoosha mikono yake yote miwili mbele yangu, nione inavyotetemeka.

"Hii haibebeshi tena, mwanangu. Mwaka ule ndio ningewahi." Akakiweka kisu kipya chini, upande wangu. "Kiokote. Kitunze wewe."

Nilikiokota.

Alasiri ilinibidi niondoke, kesho yake nina mzigo. Nilimkataza asisumbuke, akachukua fimbo yake, tukaenda pole pole hadi barabara ya lami. Basi likaja. Akamwamuru kondakta anipe kiti cha dirishani, kisha akarudi nyuma akasimama ukingoni.

Basi likaondoka, likasimama tena mbele kidogo, si mbali, kupakia magunia ya ufuta. Magunia yalikuwa mengi na wapakiaji walikuwa wanabishana. Nikageuka, nikamwona kupitia kioo cha nyuma. Amesimama palepale, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine juu ya macho, analitazama basi ambalo bado halijapotea. Jua lilikuwa kali. Dakika kumi zikapita, zikawa ishirini. Hakukaa. Nilimpungia, sidhani aliniona. Nilijua hatageuka, hata tukikaa pale mpaka magharibi.

Nikainuka nikaenda mbele kwa kondakta. "Kaka, nakuomba tuondoke. Kuna mzee amesimama juani."

Akachungulia nyuma. "Yule? Anataka kupanda?"

"Hapana. Ananisindikiza."

Sikumwona tena. Alipofariki nilikuwa angani naelekea Mwanza, simu imezimwa, na nilipofika Tingi walikuwa wameshamzika.